Mfuko wa Kilo Saba na Pasi Moja

Kalemie, mtaa wa Kataki,
Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1988.

Mpendwa Yaya Asha, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo hii ya ziwa. Habari za Kigoma? Habari za nyumba, na habari za shemeji Ramazani na mguu wake? Uliniambia ule mguu unamsumbua kila mvua zinapoanza. Huku zimeshaanza, kwa hiyo nadhani huko tayari analalamika. Mpe pole, lakini mwambie atembee, asikae tu kwenye kiti akiagiza chai.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Wifi yako Zaina amenenepa kidogo na hataki niseme, basi usimwambie nimesema. Binti yetu, uliyemwacha akitambaa, sasa anatembea, na kila kilicho juu ya meza anakivuta chini. Sahani mbili zimekwisha kwenda. Mimi mwenyewe nakula vizuri na kulala vizuri, na kile kikohozi ulichokuwa unakisikiliza usiku mlangoni kwangu kimepona tangu zamani.

Barua yako nimeipata Alhamisi kwa mkono wa Camille, yule anayefanya kazi kwenye boti ya Kigoma. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli kwamba naenda tena kwenye safari ya kuzamia. La pili, mbona sijakuandikia tangu mwezi wa tano, na kama nimekukasirikia. Nitakujibu yote mawili, lakini acha nianze na safari, maana lile la pili linataka nijiweke vizuri kwenye kiti.

Ndiyo, naenda. Boti inaondoka kesho asubuhi, na safari hii nitakuwa ndani yake.

Najua huko kwenu watu wanasema tunatafuta dhahabu ya Wajerumani chini ya maji. Hakuna dhahabu, Yaya. Tunatafuta samaki wadogo wa kwenye mawe, wale tuliokuwa tukiwafukuza kwa vidole tulipokuwa watoto, wa milia na wa manjano, ambao hapa hakuna anayewatia kwenye sufuria. Wazungu wanawaweka kwenye masanduku ya kioo ndani ya nyumba zao, kisha wanakaa kuwatazama. Usinicheke mimi, si mimi niliyewatuma.

Tutakaa wiki tatu juu ya boti bila kurudi. Tutakwenda kusini mpaka kupita Moba, tukisimama kila penye mawe mazuri. Tutapika humo, tutalala humo, na kila siku tutashuka majini na chupa za hewa mgongoni. Miaka miwili mimi kazi yangu ilikuwa kuzijaza zile chupa kwa mashine, nimebaki nchi kavu huku wengine wanakwenda. Halafu Papa Germain, mkubwa wa wazamiaji, akanifundisha. Ni mzee mtulivu, amejifunza kazi Bujumbura, miwani yake ameifunga kwa uzi wa wavu, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Akikukataza jambo anasema taratibu, na hapo ndipo unajua limekwisha.

Sheria yake ya safari ni moja. Kila mtu mfuko mmoja, kilo saba, na unapimwa kwa mizani kabla mguu wako haujagusa boti. Mwanzoni nilidhani ni ukali wa uzee tu. Sasa naelewa. Boti si kubwa. Inabeba chupa, mashine, mafuta na chakula cha watu saba, na wakati wa kurudi inabeba mapipa ya maji yenye samaki hai. Kila mtu akija na godoro lake na sufuria yake, samaki watakaa wapi?

Kwa hiyo wiki hii yote nimekuwa nikipunguza. Nimetundika mfuko wangu kwenye mizani ya Mama Louise, muuza ndagala, hao mnaowaita dagaa, wa pale ufukweni, katikati ya wateja wake. Mara ya kwanza ulikuwa kilo tisa na nusu. Mama Louise akasoma, akanitazama, akauliza: "Papa, unasafiri ao unahama?" Nikarudi nyumbani nikatoa abakosti yangu, ile suti ya heshima. Usiulize niliiweka ya nini. Nilitaka nikishuka Moba watu waone kwamba kuna mtu ameshuka. Nikatoa na radio, ambayo betri zake peke yake ni mzigo.

Siku ya pili ilikuwa kilo saba na nusu. Zaina alikuwa amenisagia karanga, ameshindilia kopo zima. Kuziacha sikuweza, basi nilizila. Tumbo la msafiri halipimwi, nilimwuliza Papa Germain nikahakikisha.

Nimejifunza kukiuliza kila kitu: wewe unajua kazi ngapi? Kinachojua kazi moja tu kinabaki. Taulo limebaki, lakini kikoi kinakwenda, kwa sababu nitajifuta nacho, nitajifunika nacho, nitaswali juu yake, na jua likiwa kali nitakitundika kiwe kivuli. Viatu vimebaki, nitakwenda na sandali za plastiki miguuni. Kaptula mbili, triko moja nzito ya baridi ya jioni, nusu kipande cha sabuni, kijiko, kikombe cha bati, vidonge vya malaria, dawa ya masikio, daftari dogo na biki, maana Papa Germain anataka kila mtu aandike ameshuka mita ngapi na amekaa dakika ngapi. Siku ya tatu mizani ya Mama Louise ikasema kilo sita na robo tatu. Wateja wake walipiga makofi. Mfuko unanuka ndagala, lakini ni mwepesi.

Kazi ngumu kuliko hiyo ilikuwa watu. Unajua kwetu, ukitamka tu kwamba unaelekea Moba, wewe si msafiri tena, umekuwa posta. Jumatano peke yake walikuja saba. Mmoja na unga wa muhogo wa dada yake, mwingine na viatu vya mtoto wa ndugu, na Mama Françoise, jirani yetu, alileta jogoo mzima wa bintiye aliyejifungua. Kumkatalia mtu mzigo wa ndugu yake ni aibu, hilo sina haja ya kukueleza. Zaina ndiye aliyeniokoa. Alikaa mlangoni akawaambia wote kwamba boti haiingii bandari ya Moba. Si uongo kabisa, tutasimama nje yake, na atakayeshuka atashuka kwa mtumbwi. Mimi nimekubali barua nne, zimepimwa ndani ya zile kilo, na salamu za kusema kwa mdomo nimekubali zote. Nimezikariri na majina yake. Jogoo amerudi kwao.

Basi na blanketi na chupa ya chai unayotaka kumpa Camille aniletee, usimpe, Yaya. Zitafika mimi nimeshaondoka, na hata zingefika mapema ningeziacha. Nasema hivi ili usikie kwangu, usije ukasikia kwa Camille ukadhani nimedharau kitu chako. Blanketi mpe shemeji afunikie mguu.

Sasa lile la pili.

Ulikuja kwa Idi, ukakaa nasi wiki mbili, na nyumba nzima ilinukia pilau. Nilikuambia kila kitu kuhusu safari ya kwanza. Nilikuambia sheria ya kilo saba, nikakuonyesha mfuko, nikakuambia una kilo sita. Asubuhi ya kuondoka ulisema niende nikanywe chai, wewe utanifungia. Ulinisindikiza mpaka mlangoni, ukalia kidogo. Nikadhani ni machozi ya kawaida ya safari.

Bandarini mizani ilisema nane na nusu. Mimi nikacheka, nikasema mizani imeharibika. Papa Germain akaniambia nifungue nitoe vitu vyote mbele ya watu. Nikatoa kimoja kimoja. Chini kabisa, ndani ya triko, kulikuwa na kifurushi cha kitambaa kilichofungwa. Nikakifungua. Ilikuwa pasi. Pasi yetu ya mkaa, ile yenye mpini ulioungua upande mmoja na kifuniko cha kufungwa kwa waya.

Watu walicheka mpaka muuza mikate akatua beseni lake chini. Mwamba, anayeshika usukani wa boti, aliniuliza kwa sauti kubwa: "Husseini, tunaenda kukamata samaki ao tunaenda kuwapiga pasi?" Nikasema nitaiacha pale pale, itabaki kilo sita, twende. Papa Germain akatikisa kichwa. Alisema taratibu kama anavyosema siku zote: "Muntu asiyejua kile kiko ndani ya mufuko yake, hatajua kile kiko ndani ya chupa yake ya hewa. Utabakia." Nikabaki. Nilisimama gatini nimeshika pasi mkononi mpaka boti ikawa ndogo, na nafasi yangu wakampa Ignace, ambaye mpaka leo yuko tayari kunirithi kila nikikohoa. Tangu siku hiyo mjini naitwa Papa Pasi. Hata watoto wananiita hivyo, wananisalimia na nguo mkononi.

Niliwaambia watu kwamba nilisahau. Lakini Yaya, nilijua palepale nani ameiweka. Nilijua kwa fundo.

Hakuna mtu mwingine Kalemie anayefunga vile, mara mbili, na mkia umeingizwa ndani usionekane. Ndivyo ulivyokuwa ukifunga nguo za watu wa reli na wa bandari ukishazipiga pasi, na mimi nikizipeleka kichwani, nimekatazwa kufungua. Kwa pasi hiyo ulinilipia minerval, ile ada ya shule, miaka sita. Ulipoolewa Kigoma uliiacha kwangu, ukasema ni nzito ya kusafiri nayo. Ulisema hivyo wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Umeuliza kama nilikasirika. Nilikasirika sana. Niliaibika mbele ya watu ninaofanya nao kazi, na aliyeniaibisha ni mtu ambaye siwezi kumjibu kwa sauti. Nilianza barua mbili, zote nikazichana, kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Ndiyo maana ukaona kimya.

Halafu mwezi wa saba Zaina mwenyewe akaniambia. Tulikuwa tunakula, akaweka tonge chini, akasema: "Mimi niliona. Niliona Yaya anaiweka ile pasi. Alinitazama, akaweka kidole ku mudomo. Nami nikanyamaza, juu hata mimi nilikuwa na woga." Nilikuwa na hasira na mtu mmoja, sasa wamekuwa wawili, na mmoja ndiye ananipikia. Hasira ikakosa mahali pa kukaa. Nikamaliza ugali wangu, na yeye akamaliza wake, na usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza.

Najua ulichoogopa. Nilikuwa na miaka sita, wewe kumi na mitatu, ulikuwa unafua karibu na mawe ya bandari, mimi nikateleza. Sikumbuki maji. Nakumbuka mkono wako umenishika shati nyuma ya shingo, na nakumbuka ulinipiga kofi kabla hata sijamaliza kutapika. Baada ya hapo, kila ulipokwenda kufua ulinifunga kamba kiunoni, upande wa pili umefunga kwenye mkono wako. Mwezi mzima. Watoto wenzangu waliniita mbuzi. Na fundo lilikuwa lile lile, nililihangaikia kwa meno na halikufunguka hata siku moja.

Kwa hiyo kuhusu pasi sina la kukulaumu tena. Ulitaka nibaki, ukatumia kitu kizito kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Ila sasa nimekua, Yaya, na maji nayajua. Najua kuhesabu dakika zangu. Najua kupanda pole pole, mapovu yangu yakinitangulia, kwa sababu anayepanda kwa haraka anaumia, samaki na mtu vilevile. Nimeshuka mita ishirini mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja nilirudi nyumbani nikala. Naogopa kidogo, ndiyo, kiasi cha kunifanya nikague vifaa mara mbili. Papa Germain anasema asiyeogopa hata kidogo hamchukui.

Sasa sikiliza jambo hili, ndilo hasa lililonifanya nikae niandike.

Majini tunavaa nguo ya mpira kwa ajili ya baridi, na hiyo nguo inaelea. Mtu akiivaa hawezi kuzama hata akitaka. Kwa hiyo kila mmoja anavaa mkanda kiunoni wenye vipande vya madini ya risasi, vya kumshusha. Vya boti havitoshi, kila mtu anajazia chuma chake. Ijumaa tulifanya majaribio, na mimi, mwembamba hivi, nilibaki nikiningʼinia juu juu kama kizibo, miguu hewani, Mwamba anashika mbavu. Papa Germain akahesabu, akasema: "Huyu anapungukiwa kilo mbili na nusu. Tafuta chuma, Papa Pasi."

Hata yeye alilisikia jina alilolitamka. Tukatazamana. Nikatoka maji yakinichuruzika mpaka nyumbani.

Pasi yetu nimeipeleka kwa fundi Anatole. Usikasirike. Waya wa kifuniko ulikuwa umekatika, na mpini haushikiki tena bila kitambaa. Ameondoa mpini na kifuniko, hivyo nimeviweka kwenye sanduku langu pamoja na vyeti vya shule. Ile sehemu nyingine ameigonga ikawa bapa, akaitoboa matundu mawili, mkanda ukapita. Papa Germain aliitundika kwenye mizani mwenyewe. Kilo mbili, na robo kidogo. Akasema inatosha. Na vifaa vya kuzamia, Yaya, havihesabiwi ndani ya zile kilo saba.

Mfuko wenyewe sikuuacha nyumbani hata usiku mmoja zaidi. Jana niliupeleka kwa Papa Germain. Akaupima, kisha akaufunika kwa mkono, akaniambia nimtajie kilichomo bila kufungua. Nikataja kimoja kimoja mpaka zile barua nne na majina ya wenyewe. Akafungua, akaangalia, hakikukosekana hata kijiko wala hakikuzidi. Akaufunga, akauweka kwenye boti, akaniambia nirudi nyumbani mikono mitupu. Zaina alikuwa ananisubiri mlangoni. Alinyoosha mikono yake yote miwili anionyeshe kwamba hakuna kitu ndani yake, tukacheka sisi wawili mpaka mtoto akaamka.

Nisalimie shemeji Ramazani. Nisalimie wanao wote, hasa yule mwenye jina langu, umwambie nikimwona nitampima kilo. Mama Françoise anakusalimu na bado anaulizia ile kanga uliyomwahidi. Zaina anakusalimu kuliko wote, anasema ukija tena mtafunga mifuko pamoja, lakini ya kwako tu. Camille anarudi Kigoma wiki hii, barua hii nimemwachia Zaina ampe. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuzidishie afya, na anirudishe mimi na wenzangu salama.

Neno langu la mwisho ni hili. Mkanda ule tunaufunga kwa namna moja tu, hata Papa Germain anafunga hivyo: unafunguka kwa kuvuta mara moja, kwa mkono mmoja, hata gizani, hata ukiwa umechoka. Kitu cha kwanza anachofundishwa mzamiaji si kushuka, ni kuuachia huo mkanda. Ukiuachia, chuma kinakwenda chini na wewe unakwenda juu, hakuna kinachoweza kukuzuia. Kwa hiyo nimekufunga kiunoni kwangu kama ulivyonifunga zamani, ila fundo hili linafunguka. Nikifika nyumbani na hiyo pasi, nitakuonyesha. Na nikirudi bila pasi, Yaya, usiiulize. Jua kwamba umenitoa majini mara ya pili.

Ni mimi mdogo wako, uliyenilea na ninayekupenda,

Husseini